Televisheni ya Bi Shariffa

Jumatatu moja ya mwezi wa Julai, mwaka 1993, hamali alishusha televisheni mbele ya duka la Ayoub Jaku, fundi wa redio na televisheni wa Kiponda. Nyuma yake alikuja Bi Shariffa, mkono mmoja umeshika buibui, wa pili umeshika antena.

"Shikamoo, Bi Shariffa."

"Marahaba, mwanangu. Sauti ipo, picha hamna. Inanguruma tu."

Ilikuwa televisheni ya rangi ya mwaka sabini na nne, kabati la mbao lenye milango miwili midogo ya kufunika kioo. Marehemu mumewe aliinunua zama ambazo majirani walikuja kuangalia mpaka wakajaa ngazini.

Miaka mitano nyuma, ofisi inayoshughulika na majumba ilimwandikia Bi Shariffa kwamba dari la nyumba yake ya Shangani lingeanguka wakati wowote. Ahame miezi miwili, litengenezwe. Alihamia Kikwajuni, chumbani kwa watoto wa mpwa wake Kawthar, akachukua nguo na televisheni basi. Tangu siku ile televisheni haikuonesha kitu, na nyumba hakurejeshewa. Kila akienda kuuliza, Bwana Miraji, mkuu wa ofisi, humwambia kazi inaendelea.

Ayoub alifungua mgongo wa televisheni, akapuliza vumbi, akamtoa mjusi aliyekauka. Fyuzi nzima. Umeme unaingia. Akalifuata tatizo kwa mita, kipande kwa kipande, mpaka chini ya transfoma kubwa akaona risasi ya kulehemu imepasuka, ufa wa kuuona kwa miwani tu. Kapasita mbili nazo zimevimba. Alizing'oa, akatia nyengine kutoka televisheni mbovu ya mteja aliyehamia Maskati, akailehemu upya ile sehemu iliyopasuka, akawasha.

Picha ilikuja polepole, ya kijani kibichi. Wazungu wawili walikuwa wanakula papai kwenye meza ya duara.

"Meza yangu hiyo," alisema Bi Shariffa.

Ayoub alichomoa antena. Picha ikabaki. Alizungusha kitufe cha stesheni mpaka mwisho, na kila stesheni ilikuwa ukumbi ule ule wa Shangani, meza ile ile, papai lile lile linazidi kupungua. Basi akarudi kwenye kilichokuwa kimeharibika kweli, ile rangi nyekundu iliyofifia. Alizungusha skurubu ndogo ya nyuma, na nyuso za wageni zikapata damu.

"Sasa sawa," alisema. "Kosa jengine silioni."

Mwanamke mwenye funguo za vyumba kiunoni alipita na birika, akawamiminia wageni. Bi Shariffa alimtambua. Alikuwa Abeer, mke wa Bwana Miraji.

"Unaweza kuipandisha picha kidogo, nilione dari?" aliuliza Bi Shariffa.

Ayoub alitafuta skurubu nyengine, akaizungusha taratibu. Meza ikashuka, madirisha yakashuka, mpaka dari likajaa kwenye kioo. Boriti zote zipo pahala pake. Hakuna mbao mpya, hakuna saruji, hakuna alama ya fundi. Hakuna hata ufa.

Bi Shariffa alisogeza uso mpaka karibu na kioo.

"Chokaa hiyo niliipaka mimi, harusi ya dada'ngu," alisema. "Haijaguswa. Miaka mitano nnalala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, na watoto wa Kawthar, kwa dari zima!"

Ayoub aliirudisha picha chini. Mgeni mmoja alikuwa amepandisha miguu juu ya meza. Bi Shariffa aligonga kioo kwa kidole.

"Ondosha miguu hapo, baba. Meza ya kulia chakula hiyo."

Mgeni akaondosha miguu, akaomba radhi, akaendelea na kahawa yake.

Alhamisi hamali aliipakia televisheni kwenye mkokoteni, wakenda ofisini kwa Bwana Miraji. Walikaa kwenye foleni mpaka baada ya adhuhuri. Ayoub aliichomeka kwenye umeme pembeni ya meza ya mkuu, akaifungua milango yake, akaipandisha picha mpaka darini kama alivyofanya dukani.

Bwana Miraji alitazama mpaka chai yake ikaisha.

"Rangi imetulia," alimwambia Ayoub. "Una mkono mzuri."

Kisha akavuta faili, akalifungua.

"Bi Shariffa, nyumba iliyomo humu dari lake bovu. Limepimwa, limeandikwa, limetiwa saini. Hii uliyotuletea dari lake zima, kila mtu anaona. Kwa hivyo hizi ni nyumba mbili mbalimbali. Ya kwako ni hii ya kwenye faili."

Ayoub aliteremsha picha. Abeer alikuwa anatandika kitanda.

"Na huyo mwenye funguo si mkeo?" aliuliza Bi Shariffa.

"Ndiye. Anafanya kazi kwenye nyumba hiyo nyengine."

"Kitanda hicho nimezalia wanangu."

"Vitanda vinafanana, bibi."

"Mwanangu, wewe una macho?"

"Ninayo, alhamdulillahi."

"Basi umepewa bure."

Bwana Miraji hakukasirika. Aliandika kwamba mlalamikaji amesikilizwa, akagonga muhuri, akampa nakala. Kisha akamwomba Ayoub aifunge milango ya televisheni, kwa sababu mkewe hajavaa mtandio.

Walirudi Kiponda. Bi Shariffa aliichana nakala vipande vidogo vidogo, akavimwaga kwenye mtaro mbele ya watu. Hamali ndiye aliyekuwa akisema. Kila aliyemsimamisha njiani alimweleza yote, dari, faili na nyumba mbili.

Jumamosi asubuhi Ayoub alikuta watu watatu wamekaa kwenye baraza ya duka, kila mmoja na televisheni imefungwa kwa kanga. Mmoja ametoka Malindi, mmoja Mkunazini. Wa tatu, Bi Mwamvua, alikuwa na ndogo ya nyeusi na nyeupe, akauliza kama na hiyo itafaa.

"Itafaa," alisema Ayoub.

Bi Shariffa alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi. Alimtazama Bi Mwamvua.

"Wewe ofisini walikwambia dari?"

"Ukuta."

Bi Shariffa akasogea, akampa nafasi ya kukaa.