Namba Kumi na Nne Yupo

Karani wa zamu aliita namba saa moja kasoro robo, kila siku ya kazi, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kufulia cha hospitali, mguu mmoja ndani na mwingine nje ili viatu visilowe vyote viwili. Hakuita majina. Alisema majina yanafanana, na wanawake wana tabia ya kuolewa wakayabadili. Alisoma namba bila kuinua macho, akasikia sauti, akatia alama ya vema, akafunga daftari, akaenda zake kunywa chai.

Zamani waliokuwa wakiitwa walikuwa tisa, na namba ya aliyeondoka hakupewa mwingine. Mmoja alistaafu, mmoja akahamia kwa mwanawe, wengine wakaondoka kwa miguu au kwa jeneza, na kila nafasi ilipobaki wazi msimamizi alisema itajazwa mwezi ujao. Mwezi ujao haukuwahi kufika. Wakabaki wanawake wawili. Namba kumi na nne aliitwa Mrefu, kwa kuwa alikuwa mrefu, na namba kumi na tano aliitwa Povu, kwa kuwa hakuna siku aliyotoka kazini bila povu kumkaukia kwenye nywele. Wodi zilikuwa saba, zikaongezwa mbili. Mashine za kufulia zilikuwa mbili. Moja ilikufa ikageuzwa meza ya kukunjia nguo, na ya pili ilifanya kazi siku ilizojisikia. Kilichobaki ni mikono, mabeseni ya saruji, na shuka mia tatu kwa siku, mbali na foronya, mapazia na gauni za wagonjwa. Mshahara ulikuwa ule ule wa enzi za watu tisa, tena siku hizo ulinunua vitu.

Wenyewe walikuwa na utaratibu wao. Aliyechelewa, mwenzake alimwitikia.

"Namba kumi na nne?"

"Yupo, kaenda kumwaga maji."

Walikuwa wameitikiana hivyo miaka kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeitikiwa akakosa kutokea. Hilo ndilo lilikuwa sharti lao. Ukishaitikiwa, njoo, usije ukamfanya mwenzako mwongo.

Mrefu alianza kukohoa wakati wa baridi. Daktari wa hospitali hiyo hiyo alimwandikia wiki mbili za kukaa mbali na maji. Msimamizi akaisoma karatasi, akaikunja vizuri, akamwomba avumilie mpaka apatikane mtu. Akavumilia miezi miwili. Alikufa Jumapili, akazikwa Jumatatu. Povu alipewa nusu siku ya kwenda kuzika, akailipa kwa kufanya kazi saa za chakula wiki nzima.

Jumanne karani akasimama mlangoni.

"Namba kumi na nne?"

Povu alikuwa ameinama akiloweka shuka za chumba cha upasuaji kwenye maji baridi, maana damu ukiipa maji moto haitoki tena. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye beseni.

"Yupo," akasema, "kaenda kumwaga maji."

Karani akatia vema. Povu alibaki na mikono majini, akijua alichokisema. Angeweza kumkimbilia karani akamrekebisha. Lakini toroli nne zilikuwa zimejaa mpaka juu, ya tano ikisikika kwenye korido, akasema atamwambia wakati wa mapumziko. Mapumziko hayakuwepo.

Saa mbili na nusu Mrefu aliingia. Alivaa lile gauni la bluu walilomzika nalo, amelipandisha na kulifunga kiunoni kwa kipande cha kamba ya kuanikia, na visigino vilikuwa na udongo.

"Umeniitikia?" akauliza.

"Imeniponyoka, dada. Mdomo umezoea."

"Na mimi ndio kwanza nilikuwa nimepata pa kunyoosha mgongo." Akatazama beseni la pili. "Haya, nipishe. Hizo foronya unazisugua au unazibembeleza?"

Wakafua. Kabla ya saa sita, muuguzi wa wodi ya wazazi alikuja kuulizia shuka zake.

"Mrefu, pole na msiba," akasema.

"Msiba wenyewe si wangu mimi?"

"Ndiyo maana nikakupa pole wewe. Ulitaka nimpe nani? Shuka zangu zinatoka lini?"

Msimamizi aliteremka Alhamisi. Alimtazama Mrefu kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Sare yako iko wapi?"

"Nimezikwa bila sare, bosi."

"Sare ni lazima," akasema, akaandika kitu.

Baadaye alimweleza jinsi mambo yalivyo. Cheti cha kifo kilikuwa kimeshafika kwa mhasibu, kwa hiyo mshahara ulisimama. Daftari la zamu lilisema yupo, kwa hiyo kazi haikusimama. Hizo ni idara mbili, akasema, na kila moja iko sahihi kwa upande wake.

Siku za mwanzo Povu alinenepa uso kwa raha. Mrefu alikuwa hakohoi tena. Hakula, hakwenda chooni, hakukaa chini. Saa tisa kamba zote uani zilikuwa zimejaa shuka nyeupe, na Povu alifika nyumbani jua bado lipo. Binti yake, aliyekuwa akisomea ushonaji, akainua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Mama, leo umewahi."

"Mrefu amerudi kazini."

"Mrefu yule tuliyemzika?"

"Kwani tuna Mrefu wangapi?"

"Anaendeleaje?"

"Kifua kimepona."

Binti akasema afadhali, akaendelea kushona.

Mrefu mwenyewe jioni hakwenda kwake. Watoto walikuwa wamehamia kwa shangazi yao, na walikuwa wameshalia wakamaliza, hakutaka kuwaanzishia upya. Alitembea kwa miguu mpaka makaburini, akafika, akajilaza. Asubuhi akiitikiwa, kilimwamsha kitu kama mkono begani.

Wiki ya tatu Povu aliona mikono ya mwenzake. Mtu aliye hai akichubuka na dawa ya madoa, keshokutwa ngozi mpya imeota. Ya Mrefu haikuota. Kila alichokichukua sabuni kilikwenda moja kwa moja. Kucha zilitoka kwanza, zikaonekana chini ya beseni maji yalipofunguliwa. Kisha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kiliondoka na foronya ya wodi ya nne, na alasiri mhudumu wa wodi akakirudisha kimefungwa kwenye gazeti.

"Hiki nadhani ni chenu," akasema.

Mrefu akakitia mfukoni.

"Kinauma?" Povu akauliza.

"Hakiumi. Kingeuma ningejua nimebakiwa na nini." Akakamua foronya kwa vidole vilivyokuwepo. "Sikiliza, mdogo wangu. Kule nimeacha nafasi ya mtu mzima mzima. Kwa mwendo huu nitaishia hapa, kwenye bomba la maji machafu, kidogo kidogo. Watoto wangu wakileta maua watakuwa wanampelekea nani? Usiniitikie tena."

"Na shuka?"

Jibu lilikuwa limerundikwa mbele yao mpaka dirishani.

Kila asubuhi Povu alitoka nyumbani na nia ya kunyamaza. Kila asubuhi alizikuta toroli, akawaza mgongo wake, akawaza ada ya ushonaji, akawaza ile barua ya onyo aliyopewa mwaka juzi kwa shuka arobaini zilizolala na maji. Karani akaita, na mdomo wake ukasema yupo. Mrefu aliingia akamsalimu vizuri, hakumsema. Ingekuwa heri angemsema.

Ndipo Mrefu akaona ajaribu mwenyewe. Alichukua nakala ya cheti chake kwa shangazi wa watoto, akapitia dirishani asionekane, akapanda ngazi mpaka ofisini kwa karani.

"Nimekuja kuondoa namba yangu," akasema. "Nimekufa."

Karani akakisoma cheti pande zote mbili. Akafungua daftari, akateremsha kidole.

"Tarehe ya kifo naiona. Lakini hapa kuna vema, hapa vema, hapa vema. Mtu aliyekufa tarehe hiyo anapataje vema zote hizi?"

"Naitikiwa."

"Sasa nikufute kwa sababu gani? Utoro huna. Kuchelewa, kidogo. Wewe ni mfanyakazi mzuri."

"Baba, mimi ni maiti."

"Maombi ya kuondoka kazini yanaletwa na mhusika mwenyewe."

"Si mimi huyu, nimesimama mbele yako?"

"Basi upo," karani akasema, na kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi, akatia vema ya mchana.

Povu naye alikwenda kwa msimamizi. Hakwenda kugomba. Aliomba mtu mmoja tu aajiriwe, hata wa muda, na kama haiwezekani, apewe siku nne apumzishe mgongo. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na desturi hiyo nzuri.

"Mama," akasema, "mwenzako amekufa na hajaomba hata siku moja."

Povu aliteremka ngazi moja moja akishika ukuta. Alipofika chini alikuwa ameshakata shauri.

Ijumaa akamwambia Mrefu, "Jumatatu usije. Nitanyamaza."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze. Nimekutumia vya kutosha."

Mrefu akalivua gauni la bluu, akajifunga shuka ya wodi, akalifua gauni lile kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Povu akalipiga pasi, akatengeneza na mikunjo ya mikono. Kile kidole wakakishonea mfukoni kwa uzi mweupe ili kisipotee njiani. Wakaagana mlangoni kama watu wanaoagana kweli, na Mrefu akaondoka akitembea katikati ya barabara, hana haraka.

Jumapili Povu alimwambia binti yake ajue kwamba kuanzia kesho atachelewa kurudi, na huenda baada ya muda akawa anawahi sana. Binti akaelewa. Akamkanda mgongo mpaka mafuta yakaisha kwenye chupa.

Jumatatu, saa moja kasoro robo, karani akaweka mguu mmoja ndani.

"Namba kumi na nne?"

Povu akabana midomo. Bomba lilikuwa likidondosha maji, tone, tone.

"Kumi na nne?"

Povu akabana mpaka taya zikauma. Karani akainua macho kutoka kwenye daftari, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi. Akaziangalia toroli, zilikuwa sita. Akamwangalia Povu, mtu mmoja. Akarudi kwenye ukurasa.

"Yupo," akasema karani mwenyewe, akatia vema. "Kumi na tano?"

Povu hakuitika.

"Wewe nakuona," karani akasema, akaenda kunywa chai.

Saa mbili na nusu Mrefu aliingia. Gauni lilikuwa bado na mikunjo ya pasi.

"Si mimi," Povu akasema. "Naapa, dada, si mimi."

"Najua si wewe. Ilikuwa sauti ya kiume." Akalipandisha gauni, akatafuta ile kamba. "Tena hakusema nimekwenda kumwaga maji. Ameniita hivi hivi tu, kama mbuzi."

Povu akalia kidogo juu ya beseni. Hakuna aliyeona, kwa kuwa uso wake siku zote ulikuwa na maji.

Wiki iliyofuata karani alikuja na daftari la pili, lile la zamani, lililotafunwa na panya pembeni, alilolitoa stoo. Akaita namba tatu, akajibu yupo. Akaita namba sita, akajibu yupo. Akaita namba tisa. Kabla ya saa tatu waliingia mmoja mmoja: mzee wa pasi aliyeanguka pale pale kwenye pasi, dada mnene aliyefariki akijifungua ghorofa ya juu, na mwingine ambaye Povu hakumkuta, lakini ambaye alijua sabuni inawekwa wapi. Wakasalimiana. Mzee wa pasi aliuliza kama mshahara umeongezwa tangu aondoke. Wakacheka wote, mpaka wale wasio na pumzi.

Kazi ingepungua. Lakini msimamizi alikuwa ameandika kwa wakubwa kwamba idara yake sasa ina nguvukazi ya kutosha, na Jumatano lori likarudi nyuma mpaka mlangoni likashusha shuka za hospitali nyingine mbili. Lundo likafika tena dirishani. Povu aliomba zile siku nne kwa mara ya pili, akajibiwa vilevile, isipokuwa safari hii msimamizi alisema wenzako, si mwenzako.

Alasiri hiyo mashine haikujisikia. Shuka nzito zilibaki na maji, zikabidi zikamuliwe kwa mikono, watu wawili wawili, mmoja akisokota kulia na mwenzake kushoto. Povu alishika ncha moja. Mrefu akashika ya pili kwa vidole sita alivyokuwa navyo, akaizungusha kwenye kiwiko ili isimtoke.

"Vuta," Mrefu akasema.

"Nimevuta."

"Vuta, bwana, haijatoa maji."

Povu akavuta taratibu, kwa kiasi tu, asije akamng'oa mkono.