Uji wa Tangi la Pili

Watu wakisikia kazi yangu hukunja pua. Wakunje tu. Maji machafu yote ya kambi ya jeshi, ya vyooni, ya jikoni na ya bafuni, yanapita mikononi mwangu, na yakitoka hapo yanaosha magari ya jeshi na kumwagilia bustani za wake za askari. Mboga wanazitaka, ila maji yaliyoziotesha hawataki hata yatajwe mezani. Haya basi.

Kazi yenyewe inafanywa na vijidudu. Kuna matangi mawili makubwa, mashine inapuliza hewa ndani bila kupumzika, na humo vijidudu vinakula uchafu mpaka maji yanatakata. Vikikosa chakula vinadhoofika. Vikizimiwa hewa vinakufa, na kuviotesha upya kutakutoa jasho. Kwa hiyo sisi wa matangi tuna mwiko wetu: tangi ambalo watu wake watarudi halizimwi.

Tangi la pili lilikuwa la mabweni ya kikosi cha mwanangu. Ni mwanangu wa pekee, na mdomo alirithi kwangu. Kikosi kilipopelekwa vitani alipita kazini kuniaga, begi mgongoni, akaniambia, "Mama, mchama ago hanyeli, huenda akauya papo." Yaani anayehama kambi hainyei, huenda akarudi papo hapo. Nikamjibu kwamba yeye na wenzake wamekunya hapa miaka nenda rudi, na ndiyo riziki yangu, kwa hiyo aende salama arudi kuendelea. Tulicheka mpaka dereva wa lori akapiga honi. Sikumkumbatia vizuri, nilikuwa na glavu chafu.

Mabweni yalipobaki na walinzi wachache tu, bomba la tangi la pili likawa linatoa maji kidogo kama ya mtu anayenawa uso. Povu likapauka. Nikajua vijidudu vyangu vina njaa, nikaanza kuvipikia uji. Msicheke, ndivyo tunavyofanya: unga uliobaki jikoni kwa askari, sukari kidogo, unakoroga, unapoza, unamimina. Mpishi wa kambi alinitania eti nimekosa wajukuu mpaka nanyonyesha choo. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye tunakaa nyumba moja, alikuwa akinisaidia kukoroga. Ameolewa juzijuzi, mambo ya kambi bado hajayajua. "Tuvilishe, mama," alikuwa akisema, "wenyewe wakija wakute mambo tayari." Nami niliamini hivyohivyo. Kila sufuria niliyoimimina nilikuwa namwita mwanangu arudi.

Asubuhi moja akaja afisa wa ugavi, yule anayegawa mafuta ya mashine zote za kambi. Kijana wa watu, ana adabu zake. Alizunguka, akatazama mashine, kisha akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mama, uji wa tangi la pili acha. Zima na hewa. Tangi moja litatosha."

Nikamuuliza kikosi kimehamishiwa kambi gani. Angenitajia kambi yoyote, hata ya uongo, ningemshukuru. Uso ukambadilika. Jeshini kuna utaratibu wao: habari ya kifo huletwa nyumbani na maofisa wawili, na kabla yao hakuna mwenye ruhusa ya kutamka neno. Lakini amri ya kubana mafuta haikuwangoja maofisa. Ilitangulia, naye akaileta kama anavyoleta amri nyingine, akasahau anayezungumza naye ni mama wa nani.

"Wote?" nikamuuliza.

"Sijaruhusiwa, mama," akasema, machozi yakimlengalenga.

Nikakaa chini palepale kando ya tangi. Nilimchukia, Mungu anisamehe, mtoto wa mwenzangu asiye na kosa lolote. Nikamwambia swichi ile pale, azime mwenyewe, mimi mwanangu sitamzimia. Akazima, na maji yakatulia.

Nyumbani sikusema kitu. Msiba hautangazwi kwa kukisia, na bado nilikuwa nabishana na moyo wangu: pengine amepona mmoja, na pengine huyo mmoja ni wangu. Mkwe wangu akaniuliza mbona sijala. Nikasema kichwa kinauma. Akakaa kitandani kwangu akanikanda kichwa, akinisimulia jinsi mboga zilivyostawi, nami nikatamani ardhi inimeze.

Kesho yake mchana wakaja. Wawili, sare zimenyooshwa pasi. Mkwe wangu ndiye aliyewaona kwanza, akafurahi, akidhani wameleta tarehe ya kikosi kurudi. Akawafutia viti, akawakaribisha, akakimbilia jikoni kuwapikia chai. Tukamsikia anaimba huko.

Yule mkubwa wao akasimama wima, akavua kofia, akakohoa kidogo apate kuanza.

"Ngoja kwanza, baba," nikamwambia. "Mwache apike chai akiwa bado ana mume."

Akaketi. Tukawa tunamsikiliza mkwe wangu anavyoimba.