Jogoo wa Uzi wa Pare Ambo

Nimeendesha gari la zimamoto la mji wa Lucban mpaka nikastaafu, na ninachoweza kusema juu ya kazi ile ni kwamba Lucban haiungui. Mvua ishukayo kutoka mlima Banahaw hainyeshi kama mvua za watu wengine. Kuna mwaka nilimkuta samaki amekaa kwenye kiti changu cha dereva, na mkanda alikuwa amefunga. Sasa wewe mwanamume umekaa kituoni miaka nenda miaka rudi, unangoja moshi usiokuja, utafanya nini? Wenzangu walicheza karata. Mimi nilijifundisha kroshia. Niliokota sindano yenye kulabu kichwani, nikafumua sweta la mkuu wa kituo akiwa amelivua kwa ajili ya usingizi wa mchana, nikalifuma upya kabla hajaamka. Alilivaa mpaka anastaafu bila kugundua kwamba lina mkono mmoja wa ziada. Na mimi nilipoondoka pale, gari zima lilikuwa na koti, na kengele yake kofia.

Nayasema haya ujue kwamba kroshia naijua na subira ninayo. Kwa hiyo nikikuambia kwamba katika wiki zile za kabla ya sikukuu nilitamani kumtumbukiza rafiki yangu Ambrosio kwenye tangi la maji la gari lile na kufunga mfuniko, uelewe kwamba alikuwa amenifikisha mwisho.

Ambrosio huyu, ambaye sisi tunamwita Ambo, anafuga majogoo wa kupigana. Mimi ndiye niliyembeba binti yake Luningning siku ya ubatizo, ndiyo maana tunaitana Pare, na ndiyo maana siwezi kumkimbia. Luningning ameolewa na mtoto wa Mwalimu Petra, ambaye kustaafu kwake amestaafu shule tu, kufundisha hajaacha. Sasa binti akapata mimba. Ilikuwa bado changa, ile ya kukimbia harufu ya kitunguu na kulilia maembe mabichi. Kazi hakuwa nayo, akakaa akafikiri, akatangaza kwamba mtoto atafunikwa blanketi la viraka vya kroshia. Kila kiraka kiwe na mnyama wake, kila ndugu afume cha kwake kwa mkono wake, na mtu asifumiwe.

Mwalimu Petra naye akaongeza la kwake. Mwaka huu maandamano ya sikukuu ya San Isidro, mtakatifu wa wakulima, yanapita mbele ya nyumba yake, basi blanketi litundikwe dirishani katikati ya mapambo ya mavuno, mji mzima ulione.

Kiraka cha katikati Luningning alimwekea baba yake. Kilikuwa kiwe cha mama yake, marehemu Saling, ambaye alikuwa akishika kulabu uzi unajipanga wenyewe. Mwalimu Petra alisema hana neno. Ila yeye alikuwa ameshafuma paka, paka wa kijivu mwenye masharubu, mzuri kweli, siwezi kusema uongo. Akatamka mezani mbele ya watu wote kwamba kama mchana wa kuamkia sikukuu jogoo wa Ambrosio hajafika, paka ataingia katikati. Kisha akamwongezea Ambo wali, kwa huruma.

Nadhani ni ule wali uliomleta kwangu asubuhi yake.

"Pare," aliniambia, "nifundishe jogoo. Mwanangu amenipa nafasi ya mama yake. Yule mwanamke akinipita na paka wake, nitamtazamaje binti yangu?"

Nikamwambia aketi, jogoo wa mtu anayeanza ni mchezo. Unafanya kitanzi kidogo, unakizungushia vifundo vya uzi mweupe mpaka upate duara, huo ndio uso wa jogoo. Ukitoka hapo unashika uzi wa kijani, unafuma vifundo vitatu vitatu kwa kuachia nafasi, penye pembe unarudia mara mbili, na duara linageuka mraba lenyewe. Kilemba chekundu juu, mdomo wa njano, jicho, umemaliza. Watoto wa darasa la pili wanaweza.

Lakini watoto wa darasa la pili hawajawahi kufunga vijembe miguuni mwa majogoo. Ambo ndiyo kazi yake. Jogoo akiingia ulingoni, kijembe kinafungwa kwenye mguu kwa uzi mwekundu, na uzi ukilegea jogoo amekufa na wewe huna uso wa kuonyesha. Vidole vya Ambo havijui namna nyingine ya kushika uzi. Kila kifundo alikivuta, akakitemea mate, akakiuma kwa meno, akakivuta tena. Safu ya kwanza alipomaliza, kulabu haikuingia kwenye safu hiyo ifume ya pili. Nilijaribu mimi, haikuingia. Nilijaribu na msumari, msumari ukapinda.

"Legeza, Pare," nikamwambia.

"Nimelegeza."

"Huko ndiko kulegeza? Hapo hata mchwa hapiti."

"Mchwa anatafuta nini kwenye jogoo wangu?"

Tukafumua. Yaani tulitaka kufumua, vifundo vikakataa, tukakata kwa mkasi. Tukaanza upya, akakaza upya. Na yote hayo alikuwa akiyafanya na Tenyente kwapani. Tenyente ndiye jogoo wake mkubwa, mwekundu, mwenye macho ya mtoza ushuru. Ambo alidai hawezi kufikiri bila yeye, na mimi nikamwambia hata akiwa naye sioni tofauti. Nikisema vuta uzi huku, Tenyente anaudonoa. Nikisema hesabu vifundo, Ambo anahesabu kwa sauti, jogoo anawika katikati, hesabu inapotea, tunarudi mwanzo. Jogoo wa kwanza aliyetoka alikuwa nanasi. Wa pili alikuwa na pembe tano, na nilipomuuliza Ambo ya tano imetoka wapi, aliniambia labda ni mkia.

Siku moja Mwalimu Petra alipita, akamkuta Ambo amejizungushia uzi shingoni ili usianguke chini. Haki ya Mungu, sijaona mwanamke wa umri ule akiruka ua. Akamvua uzi kwa nguvu, akasema babu akijifunga uzi shingoni kitovu kitamnyonga mjukuu tumboni, kila mtu analijua hilo. Mwalimu huyu alifundisha hesabu maisha yake yote. Haya mengine sijui aliyasomea wapi. Tangu siku hiyo uzi ulikaa kwenye sufuria ya wali, na Ambo akawa anaangalia mlangoni badala ya kuangalia mkono wake.

Siku zikawa zinakwisha. Mji mzima ulikuwa unatundika mboga madirishani, na mimi nilikuwa bado namwambia mtu mzima legeza. Nikachoka. Nikamwambia aniachie mimi nimalize, nafuma jogoo kabla kahawa haijapoa, nani atajua?

Ambo alikuwa akiuma kifundo. Alipokitema akasema, "Luningning atajua. Amekulia mikononi mwa mtu anayefuma, Pare. Anajua mkono wa nani ni wa nani."

Nikamsogezea sufuria ya uzi.

Alimaliza mchana ule ule wa mwisho, mchana wa kuamkia sikukuu. Nikuambie alivyokuwa. Kwa sababu ya kukazwa, kiraka hakikulala chini, kilijikunja kuelekea juu kama kifuu cha nazi. Ukikigonga kinalia ko ko. Kilemba kimeinama kama mlevi anayetafuta kiatu. Jicho moja, kubwa, lililokaa vibaya, kiasi kwamba ukisimama kulia linakutazama, ukihamia kushoto linakutazama bado. Ambo alikishika kwa mikono miwili, akaniuliza kama ni jogoo. Nilimwambia ni jogoo. Nimesema uongo mwingi katika maisha yangu, lakini huo ulikuwa mzito kuunyanyua.

Tukaenda. Mwalimu Petra alikuwa ametandaza blanketi mezani, viraka vyote vimeshaunganishwa, nguruwe, chura, mbuzi, nyati, tundu la katikati peke yake liko wazi na paka amekaa pembeni anasubiri. Aliupokea mraba wa Ambo, akautazama kama anavyotazama jibu la mwanafunzi wa nyuma kabisa. Hakucheka. Kisha akachukua kitambaa cha jikoni, akaufunika.

"Ambrosio," alisema taratibu, "nimeona umehangaika. Lakini mwenye mimba hatakiwi kuangalia kitu hiki. Anachokiangalia mama ndicho mtoto anachofanana nacho. Mimi nataka mjukuu mwenye uso."

Ambo alimpapasa Tenyente kichwani, tena na tena, akigeuza uso. Na paka tayari alikuwa mkononi mwa Mwalimu, sindano imeshatungwa uzi.

Ndipo Luningning akatoka chumbani. Alikuwa amekonda, siku nyingi hakikai kitu tumboni mwake. Akauliza baba ameleta nini. Mwalimu akasema hakuna kitu, mwanangu, rudi ukalale. Binti wa Saling akafunua kitambaa.

Alilitazama lile jicho. Jicho likamtazama. Mdomo ukaanza kumcheza, halafu akacheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni ameshika tumbo, na Mwalimu Petra huku nyuma anasema jamani, jamani, atadhurika. Alipomaliza akajifuta machozi, akaomba wali.

Akala wali na soseji za Lucban, sahani nzima, jogoo yuko mbele yake. Mwalimu akaona atumie akili, akamwondoa jogoo mezani. Luningning akaweka kijiko chini, akashika mdomo, akakimbilia dirishani. Jogoo akarudishwa, akala. Akaondolewa tena, ikawa vile vile. Mara ya tatu Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemrudisha, amekunja uso kama mtu aliyemeza mfupa.

Maana na hilo nalo kila mtu analijua. Kitu ambacho mimba imekichagua, ukimnyima mwenye mimba unaitafutia balaa.

"Mwalimu," nikamwambia, "sheria zako mbili zimekutana njia panda. Mimi ni dereva tu. Niambie ipi inapita kwanza."

Alinitazama kwa jicho ambalo lingeweza kuunguza hata Lucban. Kisha akampeleka paka wake kwenye pembe ya chini, akaanza kumshona jogoo katikati. Kila alipochoma, sindano ilipinda. Alisema maneno ambayo nina hakika hakuyafundisha shuleni. Ambo alisimama nyuma yake, na Luningning akaenda kumshika mkono, ule usio na jogoo.

Kesho yake mvua ilituheshimu. Blanketi lilining'inia dirishani katikati ya vikaki vya unga wa mchele vya kila rangi, vyembamba kama majani, maboga na mashada ya maharage, na katikati ya blanketi kiraka cha Ambo kimetokeza nje kama kofia. Ambo alikuwa chini yake kwenye shati lililopigwa pasi, Tenyente kwapani, akimwambia kila apitaye kwamba kile cha katikati ni cha mkono wake. Nilimwambia jogoo yule amwache nyumbani. Nilimwambia. Lakini mimi ni nani wa kusikilizwa.

Bendi ikafika, nyuma yake padri, nyuma yake mtakatifu mabegani mwa wanaume. Tenyente akainua kichwa, akamwona mwenzake juu. Akageuza shingo kulia, yule anamtazama. Akageuza kushoto, bado anamtazama. Hakuna jogoo wa heshima anayevumilia kutazamwa hivyo mbele ya watu.

Aliruka kutoka kwapani mwa Ambo mpaka dirishani, na siwezi kukuambia aliruka urefu gani kwa sababu hutaniamini. Vikaki vya mchele vilinyesha. Nguruwe aliondoka vipande, chura alifumuka akawa uzi mmoja mrefu uliomzunguka mpiga tarumbeta, mbuzi nilimwona akipita juu ya paa. Masharubu ya paka yalitua begani kwa padri. Bendi ikanyamaza. Waliombeba mtakatifu walimgeuza kidogo ili asione.

Ambo alipomkamata jogoo wake, dirishani palibaki kiraka kimoja kinaning'inia kwenye kamba, kimejikunja kama kifuu, jicho wazi. Hakikuwa hata na uzi uliochomoka. Tenyente ndiye aliyekuwa akichechemea. Nikuambie ukweli, hajapigana tena tangu siku ile. Siku hizi analea vifaranga.

Watu walimtazama Ambo. Yeye alimtazama binti yake, amepauka, shati limechanika, na nilijua anachofikiri. Alipewa nafasi ya Saling, na hili ndilo alilofanya nayo. Luningning alikuwa mlangoni. Alikichukua kile kiraka kutoka kwenye kamba, akakivaa kichwani, akaja akasimama karibu na baba yake ili maandamano yaendelee.

Mwalimu Petra alikuwa akiokota sikio la paka wake. Alilitazama, akaiangalia ile kofia, akalitazama tena sikio.

"Ambrosio," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, "hivyo vifundo. Unavikazaje?"

Basi miezi ile yote hali yangu ikawa hii. Kila mchana ndugu wote wanakutana kwa Mwalimu kufuma wanyama upya kumzunguka jogoo, na Ambo anatembea nyuma ya viti vyao mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule. Mimi nasema legeza. Yeye anasema kaza, tema mate, uma. Wanamsikiliza yeye. Mimi, niliyelifumia gari la zimamoto koti, nimepewa kazi ya kunyoosha kulabu zilizopinda.

Mtoto alizaliwa kabla hatujamaliza, wa kike, na uso anao, tena ni uso wa Saling mtupu. Ila anaamka alfajiri kabla ya mtu yeyote na kuuamsha mtaa mzima, na Mwalimu Petra kila asubuhi ananitazama kana kwamba nilimfuma mimi. Blanketi lenyewe limekwisha. Halikunjiki. Tunaliegemeza ukutani.