Mlango wa Kabati la Joto

Tangu siku ya kwanza sikumpenda yule mwenzangu wa maabara. Tulimwita Kimya kwa sababu asubuhi nzima angeweza kukupa maneno mawili, na moja ni salamu. Na kimya kingi kina mshindo mkuu, sikusema mimi, walisema wahenga.

Ndani ya kabati la joto kulikuwa na vifuko kumi na kimoja vya mayai ya mdogo wangu. Madaktari walimtoa kipande cha ovari kabla hajaanza dawa za saratani. Kumrudishia ni hatari, huenda ugonjwa ukarudi nacho, ndiyo maana tulikuwa tunajaribu kuvikuza vifuko nje ya mwili. Kila kimoja tulikitia katika tone la jeli itokanayo na mwani, likishike kibaki mviringo kisije kikawa bapa kwenye sahani. Kipande kingine hakipo.

Mlango hufunguliwa kila baada ya siku mbili tu, tunapobadilisha nusu ya maji ya lishe. Ukifunguliwa ovyo, joto na hewa yake hutoka, na vifuko huumia.

Wiki ya pili kimoja kikawa cheusi. Kesho yake, vitatu. Ufunguo tulikuwa nao watu wawili, mimi na Kimya, sasa nimshuku nani? Nikazidi kumvizia, kama nilivyokuwa nikifanya tangu wiki ya kwanza. Akienda chai, nafungua haraka kuhakikisha hajagusa kitu. Akienda kuosha vyombo, nahakikisha tena. Naye kila nikigeuka, anaandika kitu kwenye kijidaftari.

"Dada, huo mlango..." alianza siku moja.

"Ndiyo, nimekuona unavyoukodolea macho!" nikamkata. Akanywea.

Jioni mdogo wangu alipiga simu. "Wanangu wanaendeleaje?"

"Wapo. Ila kuna mtu hapa simwamini. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mchunge basi, dada. Mimi nakutegemea wewe."

Jumamosi vilikuwa vimebaki viwili. Nilimwendea Kimya nikiwaka moto. "Lete hilo daftari! Unamharibia mtoto wa watu halafu unaandika?"

Alinipa bila ubishi. Tarehe, saa, mlango wazi dakika mbili. Mlango wazi dakika tatu. Kurasa nne nzima.

"Kabati lenyewe linaweka kumbukumbu," alisema taratibu. "Mimi nanakili tu. Nilitaka nikuoneshe wewe kabla ya mkubwa wetu, dada."

Nilizisoma zile saa. Saa nne na robo, muda wake wa chai. Saa saba, yuko kwenye sinki. Nilivua ufunguo shingoni nikamkabidhi.

Kisha nikampigia mdogo wangu.

"Vipi dada, umemkamata?"

"Nimemkamata," nikasema. "Kaa chini kwanza. Ni mimi."