Mwisho wa Wimbo wa Nyangau

Bendi yetu ya roki ilikuwa mjini Awendo, ikipiga wimbo mmoja wa zamani wa safari, mama mmoja aliponyoosha mkono. Huku kwetu mkono ukinyooshwa, bendi husimama ili mtu amsifu ampendaye. Lakini katikati ya gitaa langu? Nilifura kwa hasira.

"Mimi ni Edinah," alisema kwenye maikrofoni. "Marehemu mume wangu, Nyangau, alibeba miwa kwa lori miaka ishirini. Kila jioni akitoka kiwandani aliwasha wimbo huu ndani ya lori, na kila jioni alifika nyumbani kabla haujaisha, akauzima. Sijui unaishaje."

Tukauanza upya. Safari hiyo, mtu angethubutu kunyoosha mkono, ningempasulia gitaa kichwani.