Mlango Haukufunguliwa

Karakana ile ya kukarabati sofa ilikuwa na utaratibu wake: mmoja husoma, wengine humfanyia kazi yake. Msomaji alikalia gunia la sponji, kitabu mkononi, na mafundi wakavuta vitambaa na kugonga misumari huku masikio yakiwa kwake. Msomaji huyo alikuwa Profesa. Jina walimpa kwa dhihaka, maana shule aliiacha kabla hata ndevu hazijaota, lakini yeye alilivaa kama koti la sikukuu.

Vitabu vilitoka ndani ya sofa zenyewe. Ukichana kiti cha zamani hukosi kitu: kitana, kijiko, meno ya bandia, na mara nyingine kitabu kilichoteleza nyuma ya mto kikasahauliwa. Walisoma walichopata, historia isiyo na mwanzo, riwaya iliyotafunwa na panya, na Profesa akavitolea vyote hukumu. Historia, alisema, ni kama sofa: usidanganywe na kitambaa, chana uone walichojaza ndani. Wafalme wote wamejazwa matambara. Jamii je? Jamii ni watu waliokalia wenzao, halafu wanalalamika kwamba kiti ni kigumu. Riwaya alizipima kwa jambo moja tu: ikiisha vizuri, mwandishi ni mwongo.

"Wanaopenda mwisho mtamu," alizoea kusema, "ndio haohao wanaoibiwa leo na kesho wanapiga makofi."

Riwaya waliyokuwa nayo safari hii ilimhusu mama aliyemfukuza binti yake, kisha akazeeka akamtafuta mji hadi mji. Wote waliipenda, lakini aliyeshikwa nayo hasa alikuwa Mkasi, mkata vitambaa, rafiki wa Profesa tangu ujana. Mkasi naye alikuwa na binti aliyemfukuza, kisa kuolewa na mtu asiyemtaka. Aliapa hatalitamka tena jina lake. Zikifika kurasa za yule mama akilia njiani, Mkasi alikata kitambaa upogo na hakuna aliyethubutu kumcheka, isipokuwa Profesa.

Kisha Mkasi akaugua. Tumbo lilimvimba, akalazwa, na madaktari wakaanza kuongea naye kwa upole, jambo ambalo si dalili nzuri. Shangazi, mama wa cherehani ambaye karakana nzima ilimwita hivyo, alikuwa na namba ya simu ya binti. Alimbembeleza Mkasi aruhusu aitwe. Mkasi alikataa, akakataa tena, mwisho akalegea nusu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Profesa aje anisomee mwisho wa kile kitabu. Yule mama akipokelewa, mpigie mwanangu. Asipopokelewa, niacheni nife na aibu yangu."

Shangazi alirudi karakana mbio na kumkuta Profesa ameshamaliza kitabu peke yake. Akamuuliza kimeishaje. Profesa akamwambia bila kupepesa: mama amefika, amebisha hodi, hakuna aliyefungua.

"Basi mwambie amefunguliwa."

"Nimdanganye mtu anayekufa?"

"Huyo ni rafiki yako, Profesa, si darasa lako."

Profesa akajibu kwamba ndiyo maana anastahili kweli. Shangazi akakichukua kitabu, akakigeuza. Jalada la nyuma halikuwapo. Akamuuliza amejuaje kwamba hapo ndipo kilipoishia.

"Kimeishia kwenye nukta," Profesa akasema. "Na kimeisha kama dunia ilivyo. Unataka nini tena?"

Kesho yake alikwenda wodini, akavuta kiti, akasoma. Alisoma vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Mama alipopanda ngazi, Mkasi alijiinua kwenye mto. Mama alipobisha mara ya tatu na nyumba ikakaa kimya, Profesa alifunga kitabu, na kwa kuwa hakuzoea kusoma bila kutoa hukumu, akaongeza yake.

"Mwandishi katenda haki. Mlango ukifungwa na mzazi, mtoto hana deni la kuufungua."

Mkasi aligeukia ukutani. "Umesoma vizuri, ndugu yangu," alisema. Shangazi alipomgusia simu, alitikisa kichwa bila kugeuka. Wiki haikuisha, akafa. Neno la mgonjwa ni amana, na Shangazi alikuwa amelitunza.

Binti alipata habari kwa watu, akafika kaburini mchanga ukiwa bado mbichi. Hakulia kwa kelele. Alimuuliza Shangazi kwa nini hakuitwa, akaelezwa, kitabu na yote. Akamgeukia Profesa.

"Simu yangu sikuwahi kuizima," alisema. "Hata bafuni naingia nayo."

Profesa aliondoka pale akinung'unika kwamba walio hai ni wepisi wa ukarimu, maana maiti hawezi kuwajaribu.

Sofa iliyotoa riwaya ile ilikuwa bado kwenye kona ya karakana, imefunguliwa mgongo tu, mwenyewe hajaamua kitambaa. Siku alipoamua, Mkasi hayupo, mikono ilikuwa michache, na Profesa akalazimika kushika koleo kama wengine. Akachana kiti cha sofa ile. Chini kabisa, katikati ya springi, lilikuwa jalada la nyuma, na kurasa chache zimelishikilia.

Alisoma amesimama. Mama alikaa kizingitini akasinzia. Asubuhi binti alirudi kutoka zamu ya usiku, ndiyo maana nyumbani hakukuwa na mtu wa kufungua mlango, akamkuta pale. Akamwinamia, akamshika bega. Mama, utaumwa kwa baridi, alimwambia. Ingia.

"Umepata nini humo?" Shangazi aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Matambara," Profesa akasema.

Akazirudisha kurasa palepale, akalaza sponji juu yake, akavuta kitambaa kipya na kupigilia misumari kuizunguka fremu yote, karibukaribu kuliko ilivyohitajika. Mwenye sofa alikuja, akaikalia, akajitingisha mara mbili, akasifu kwamba imejazwa vizuri.

Profesa akapanda juu ya gunia lake, akafungua kitabu cha historia, akaanza kuwasomea.