Shela ya Mwalimu Wilkister

Mwaka wa 1996 nilikuwa nikifundisha Habaswein, na kila alasiri nikifuma shela ya arusi yangu. Haikuwa ya urembo tu. Nikiwa na miaka sita nilimwagikiwa na uji wa moto, ukaniachia kovu upande wa kushoto, kutoka sikioni hadi kidevuni. Nilikuwa nimeapa kwamba siku ya arusi kanisa zima la kwetu Butere halitaliona. Kwa hiyo nilitaka shela ya kunifunika uso na kushuka hadi kiunoni, yenye matundu madogo ya kuchungulia. Mchumba wangu Koome, afisa wa mifugo kule Garissa, alisema ninafuma chandarua. Sikucheka.

Jirani yangu Sahro, muuza maziwa ya ngamia, alizoea kuketi nami mkekani nikifuma. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, p ikigeuka b na v ikigeuka f, na mimi nilijigamba kwamba hakuna anayemwelewa kunishinda.

Wiki moja kabla ya safari ya kwenda Butere arusini nilimaliza. Nikajitupia shela kichwani, nikatoka uani kumwonyesha. Uso wake ukabadilika.

"Abaayo, dada yangu, fua hiyo," akasema. "Fua sasa hifi. Wewe bado."

Nikaitazama. Kweli, vumbi la Habaswein halina adabu, na pindo lilikuwa limeanza kuwa na rangi ya chai. Nikaona haya. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikaisugua kama sare ya shule. Mwalimu mzima, sijui kwamba sufu haitaki maji ya moto! Nilipoitoa karaini ilikuwa imejikunyata, matundu yamezibika, na urefu wote umeishia mabegani.

Jioni Sahro alileta maziwa, akaiona kambani.

"Nani amefanya hii?"

"Wewe si ulisema niifue?"

"Mimi nilisema fua." Akashika kitambaa chake cha kichwani, akakivuta mpaka nywele zikaonekana. "Hifi. Toa. Shaash ni ya mke wa mtu. Msichana hajifungi mwenyewe kabla ya ndoa, wamama ndio wanamfunga. Bole, abaayo. Wallahi bole."

Nilimkasirikia, halafu nikajikasirikia zaidi, maana "vua" nilikuwa nimeisikia kinywani mwake mara mia. Mwisho nikalia.

"Sasa wataniona."

"Wataona nini?"

Nikamwonyesha kovu. Akalitazama kwa utulivu.

"Hiyo? Mimi nilifikiri unaficha uso kwa sababu ya nzi."

Uzi ulikuwa umekwisha, na siku pia. Nikasafiri na hicho kipande.

Niliingia kanisani shela ikiwa imenifika mabegani kwa nyuma, uso mtupu, shangazi zangu wakinikodolea macho. Nilitamani sakafu ipasuke. Viapo vilipokwisha, mchungaji akamwambia Koome amfunue bibi arusi. Maskini, alikuwa amelifanyia mazoezi jambo hilo. Mikono yake ikapanda yenyewe kutafuta shela usoni pangu, ikakosa cha kushika, ikabaki hewani. Watu wakaanza kucheka.

Kisha kiganja chake kikatua kwenye shavu langu la kushoto, juu ya kovu, kikatulia hapo mbele ya kanisa zima. Kwa miaka ishirini sikuwa nimemruhusu mtu yeyote aliguse, hata yeye. Sikugeuza uso.